Noelene Chynoweth Hachanganyi Dawa

Noelene Chynoweth alianza kuwajazia watu mafuta akiwa na miaka kumi na sita, kwenye kituo cha mafuta cha mjomba wake katika mji mdogo wa Moonta, Australia, akaacha akiwa na sitini na mbili. Piga hesabu mwenyewe. Hakuna mwanamume wa mji ule ambaye hajawahi kusimama mbele yake akisubiri tangi lijae. Halafu wanaume haohao wakaunda chama cha magari ya zamani na kuanza kumfundisha yeye habari za petroli. Jamani, kuna watu hawana haya.

Gari lake ni Holden ya mwaka 1962, rangi ya maziwa, na injini ni ileile ambayo lilitoka nayo kiwandani. Alilinunua kwa mshahara wake mwenyewe. Lilikuwa kitu cha kwanza maishani mwake ambacho hakupewa na baba, mjomba wala mume, na ndiyo maana ukiligusa umemgusa yeye.

Injini zile zilizoea petroli yenye risasi, yaani ile madini ya ledi. Risasi ndiyo iliyolinda viti vya valvu, zile pete ambazo valvu hukalia kila inapofunga. Risasi ilipopigwa marufuku, wenye magari kama lake walihangaika huku na huko. Noelene alichagua dawa moja ya chupa ya kufanya kazi ya risasi, akashikamana nayo. Kipimo kimoja kwa kila lita kumi, dawa kwanza, petroli baadaye, ili vichanganyike vyenyewe tangini. Na petroli ni ile ya kawaida, yenye namba tisini na moja pampuni, isiyotiwa spiriti, kwa sababu spiriti hutafuna mabomba ya mpira ya magari ya zamani. Wanachama walijaza ile ya bei mbaya, ya tisini na nane, wakasimama kifua mbele. Aliwaambia wanamvalisha suti mtu anayekwenda kulima. Wao wakamwita mganga, na kila akipima dawa yake lita kwa lita, wao wakimimina zao kwa macho tu, waliuliza kama leo kuna na hirizi.

Aliwaacha waseme. Lakini kila Julai mwenyekiti wa chama hukagua magari na kutia saini kitabu cha kila mwenye namba maalumu za gari la zamani. Bila saini hiyo, gari halitoki bandani. Mwaka huu mwenyekiti, Des Hocking, alitangaza kwamba hatasaini kitabu cha gari lolote ambalo halijafungwa viti vipya vya valvu vya chuma kigumu. Eti dawa za chupa ni upuuzi, na ushahidi ni Clarrie Pengelly, ambaye valvu za gari lake ziliungua Novemba kwenye msafara wa kwenda Hawker, akarudi amevutwa kwa kamba.

Noelene alijua kilichoiua injini ya Clarrie. Huyu ni jirani yake, mzee wa miaka themanini na moja, na alimweleza mwenyewe machozi yakimlengalenga. Katika chama kile, mkisimama kujaza mafuta, mwenye chupa hummiminia mwenzake pia, kama watu wanavyopeana sukari. Kukataa ni utovu wa adabu. Siku ile Clarrie alikuwa ameshatia dawa yake, akamiminiwa na nyingine ya aina tofauti, na hizo mbili zikikutana zinauana nguvu. Hakumtaja aliyemmiminia, wala Noelene hakuuliza. Clarrie alimwomba tu asimwambie mtu, watu wasije wakasema amechanganyikiwa, na Noelene akaahidi.

Siku ya ukaguzi walikutana nyuma ya ukumbi wa maonyesho, watu wakila pasti za nyama na viazi. Des alikitazama kitabu cha Noelene, akakifunga bila kusaini. Noelene hakubishana. Alifungua boneti, akafungua kifuniko cha valvu injini ikiwa bado ya moto, akamkabidhi Des vibamba vyembamba vya kupimia nafasi ya valvu.

"Pima," alisema. "Kiti kikizama, nafasi inabana. Niambie wapi imebana."

Des alipima valvu zote kumi na mbili, watu wamemzunguka. Hakuna iliyobana. Alifuta mikono taratibu, akasema sheria ni sheria, na kwamba Clarrie naye aliiamini chupa yake hivyohivyo, waone sasa alivyoishia.

Maneno yalimfika Noelene kwenye ncha ya ulimi. Sentensi moja tu, na gari lake lingepona palepale. Alimwona Clarrie ameinamia pasti yake, akayameza, na yalimchoma kweli.

"Clarrie mwache," alisema. "Shughulika na gari langu."

Clarrie aliweka pasti chini.

"Nilitia mbili, Des. Yangu, na ile uliyonimiminia wewe tuliposimama kujaza mafuta Port Pirie. Ukasema sisi wanachama hatubaniani."

Des alibadilika akawa mwekundu mpaka masikioni. Alianza kusema hakujua, na ilikuwa kweli, hakujua, hata Noelene alikiri hivyo mbele ya watu. Lakini alimwambia pia kwamba kwa miezi minane amemtembeza mzee wa watu mji mzima kama mfano wa ujinga, na hakuwahi hata siku moja kumuuliza alitia nini tangini mwake.

Des alitoa kalamu mfukoni bila kumtazama mtu, akakifungua kile kitabu kwenye ukurasa wa saini. Noelene akakivuta kutoka mikononi mwake na kukitia kwapani.

"Jumamosi," alisema. "Injini ya Clarrie imelala bandani kwake imefumuliwa. Njoo na spana zako. Saini yako nitaichukua huko, ukishaifunga na ikawaka."