Tope la Juu ya Tembe

Mvua ya kwanza ikigonga udongo mkavu, wengine husema inanukia. Mimi ile harufu hunibana kifua. Sijawahi kumwambia mtu kwa nini, basi nawaambia ninyi.

Tulikaa Iramba, upande wa Sekenke, kwenye tembe aliyoiacha babu: kuta za miti na udongo, na paa bapa la udongo vilevile. Paa la namna hiyo hudai tope jipya kila mwaka kabla ya masika. Mama alipanda juu, mimi nikimpitishia ndoo, naye akilikandamiza kwa miguu huku akinitania kwamba mikono yangu ya shule haijui udongo.

Nilipokuwa darasa la tano, Baba alipata dhahabu kidogo machimboni, akaanza nyumba ya matofali ya kuchoma. Tuliringa, jamani! Wiki hiyohiyo mwalimu aliandika ubaoni neno la Kiingereza, build, akasema ni kujenga. Nikakimbia nalo nyumbani kumfundisha Mama, aliyekuwa akipepeta uwele. Alilitamka mara tatu, akajicheka, kisha akauliza, "Hilo ni la kusimamisha kuta tu, au na kukaa ndani?"

Nikamjibu kwa ujuaji wangu wote kwamba ni kuta tu, kukaa kuna neno lake.

Kuta zilipofika kwenye linta, juu ya milango na madirisha, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Mama akaponda tope lake. Baba akamkataza, akisema mtu anayehama hakarabati anakotoka, na bati ziko njiani. Mama akanitazama, labda akitafuta wa kumuunga mkono. Nami nikadakia kwamba tembe ni ushamba. Akaiweka ndoo chini, akaenda kunawa.

Bati hazikufika. Mvua ilifika, ikanyesha siku tatu. Paa lenye nyufa likanywa maji mpaka likaelemewa. Adhuhuri ya siku ya tatu, mimi nikiwa shuleni, Mama aliingia kutoa mbegu zisilowe, likamwangukia. Majirani walimfukua kwa mikono, lakini alikuwa ameshakata roho.

Waombolezaji walikaa ndani ya zile kuta mpya, turubai likiwa paa. Baba hakuongeza tofali hata moja baada ya hapo. Zipo mpaka leo, mbuzi wa jirani hujikinga upepo humo. Majuto ni mjukuu, tulikuwa tukiimba shuleni, na mimi niliimba kwa nguvu kuliko wote.

Sasa nafundisha Kiingereza. Mwaka jana, nikiwa darasani, nilifungua kamusi kubwa kutafuta asili ya neno lile. Ilisema lilizaliwa na neno la kale lenye maana ya makazi, mahali pa kukaa. Nje mvua ilikuwa imeanza. Nililia mbele ya watoto wa watu, nikasema kwa sauti, "Na kukaa ndani, Mama. Ulikuwa sahihi."