Msumari wa Pili Kwa Kapita

Msomaji wetu mmoja wa njia ya Kabambare ameomba tufiche jina lake. Tumelificha. Maneno ni yake.

Kwa heshima zote nawatangazia wasomaji wa Kasongo, wa Nyangwe, wa Kabambare na hata wa ng'ambo ya mto, kwamba jirani yangu amepigilia msumari wa pili kwenye ukuta wa sebule yake. Mwenye kofia aivue. Msumari ni mpya, mrefu, na umekaa sambamba na ule wa kwanza, ambao unabeba bunduki.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini hivi, mzaliwa wa Kasongo mjini, sasa nalima pamba na mpunga njiani kuelekea Kabambare. Shule sikuingia. Kusoma nilijifunza kwenye magazeti ya kufungia chumvi, ndiyo maana habari nyingi nazijua nusu. Nina mke mmoja, Mama Salumu, baiskeli moja, na bunduki moja. Shida yangu imeanzia kwenye hiyo moja.

Bunduki yangu ni gobori, ile ya kushindilia baruti mdomoni. Bwana Mkubwa wa Teritwari, yaani wa wilaya, alinipa ruhusa yake mwaka jana, nguruwe wa porini walipomaliza mihogo yetu. Ndugu zangu, nilikuwa mtu wa kwanza mwenye bunduki katika kijiji chote. Watu waliokuwa wakinisalimia wakitembea, wakaanza kusimama. Kwenye baraza la chifu nikapewa kiti chenye mgongo. Wakiniuliza, "Iko inalia sana?" nawajibu, "Siku moja mutasikia." Nikaishi vizuri na jibu hilo mpaka kiangazi.

Ndipo akaletwa huyu jirani yangu, kapita, yaani msimamizi wa pamba, na bunduki ya midomo miwili, ya kutia risasi kwa nyuma, krap, imekwisha. Mtu mwenyewe ni mfupi, ana sauti ya kuimba, na anacheka kabla hujamaliza kusema. Kiti chenye mgongo kikahamia kwake bila mtu kutoa amri.

Hilo ningelimeza. Lakini siku moja magharibi chui aliingia zizini mwetu. Mimi nilikuwa kwangu, natia udhu, nikasikia mke wangu analia kwa mbali: "Kapita! Kapita weee! Chui!" Hakuita Baba Salumu. Aliita Kapita. Nikaacha maji, nikatafuta baruti, nikatafuta fataki za kuwashia baruti, nikatafuta ufunguo wa sanduku la fataki. Nilipotoka nje, bunduki ya Kapita ilikuwa imelia mara moja hewani, chui amekimbia, na watu wanampa mkono. Mzee mmoja akaniona na gobori begani, akasema, "Karibu, Baba Salumu. Umefika kwa chakula?"

Kesho yake Mama Salumu akamchinjia Kapita kuku. Si kuku yeyote. Ni yule jogoo mwekundu niliyemlea tangu yai, ambaye mimi mwenyewe, siku nilipougua, nilinyimwa.

Wiki ile ile ukapigiliwa msumari wa pili.

Nikaelewa kwamba anataka kuongeza. Mwenye midomo miwili akiongeza bunduki ya pili, mwenye gobori moja anabaki nani? Nikaenda Kasongo kwa mwenye duka la bunduki. Akaniambia gobori nyingine ni rahisi, na ruhusa yake haisumbui. Lakini nikiwa na mbili, nitachelewa mara mbili. Ya midomo miwili ni nzuri, ila nitauza pamba yote na baiskeli, kisha niombe karatasi ya risasi kila mara. Akaniuliza, "Hii ya kwanza umeishaizoea?"

"Tunazoeana," nikajibu.

"Mzee, ukitaka kujilinda, zoea kwanza moja."

Nikaona amelipwa na Kapita.

Nilipomweleza Mama Salumu kwamba tutauza baiskeli, aliweka kinu chini.

"Baba Salumu, bunduki ya pili ni ya chui ao ya Kapita?"

"Ya kujilinda."

"Kwa nani?"

Hapo mdomo wangu ukanitoroka. Nikasema, "Kwa wanaume wanaokula jogoo wa watu."

Akasema taratibu, "Basi kwa sababu ya supu unanihesabia bwana mwingine? Ule msumari, umeona kunatundikwa nini?"

"Kwa sasa mwavuli. Lakini mutu hapigilii msumari murefu vile kwa mwavuli."

Hakucheka. Alifunga vitu vyake, akawafunga kamba mbuzi waliobaki, akaenda kwa mama yake, huko kijiji cha Wamaza. Mlangoni alisema, "Siku utakumbuka nilisimama wapi nikiita, kuja unichukue." Mpaka leo hajarudi, na Kapita kila asubuhi ananiuliza kwa ile sauti yake, "Na Mama Salumu, iko salama?" Kwa nini aulize?

Basi soko la pamba limefunguliwa. Mwenye duka ameniwekea ile ya midomo miwili mpaka Jumamosi. Nikiuza baiskeli, bunduki naipata, lakini Wamaza nitaendea nini? Kwa miguu, na bunduki begani, mama mkwe atafikiri nimekuja kwa vita. Nikienda na baiskeli kumchukua mke, bunduki inachukuliwa na mwingine, na ukuta wangu unabaki na msumari mmoja mbele ya kijiji kizima. Nyinyi mnaosoma ukurasa huu mna wake na mna majirani. Nishaurini, nifanye nini? Msinicheke, ninaumia kweli.

Nilisahau jambo moja. Zizi la mbuzi wetu liko nyuma ya jiko la Kapita. Nililijenga huko mwenyewe, kwa sababu ya harufu.