Wali wa Mgeni

Mchumba wangu aliposhuka Makambako, upepo ulimpokea kabla yangu ukampeperushia mtandio hadi kwenye matairi ya basi. Nilikimbia kuuokota huku nikijiuliza kama tayari nimeshashindwa.

Alikuwa mwalimu wa sekondari Tanga. Tulikubaliana kwamba kabla ya ndoa mmoja wetu ataomba kuhamia kwa mwenzake, na sasa alikuwa amekuja kuona kama huku kunakalika. Akikataa, mimi ndiye ningehama. Sikutaka kuhama. Baada ya chuo nilisota Dar es Salaam nikitafuta kazi mpaka nikachoka kuonewa huruma, na sasa nilikuwa na kazi Njombe mjini, nakagua maparachichi yanayokwenda nje. Baridi yetu sikuweza kuitetea. Nilipanga kumshawishi kwa chakula.

Tulianzia kwenye hoteli karibu na stendi. Niliagiza viazi vya kuchemsha na njegere.

Mhudumu alimtazama mchumba wangu, akanitazama mimi. "Kaka, dada katoka mbali hivyo, unamlisha viazi?"

"Ndiyo."

"Mwenyewe hujamuuliza. Dada, kuna wali kuku, wali samaki, wali maharage."

Mchumba wangu akacheka, akachagua maharage. Kwao Tanga wali ndio anaoamka nao na kulala nao. Hapa ulikuwa umepanda lori kutoka bondeni kunakolimwa mpunga ili uje kumpa heshima.

Njombe mjini nilimpeleka kwenye hoteli ambayo watalii husifia kwa mandhari yake. Walituletea jiko la mkaa miguuni, jambo jema, halafu wakatuletea chai ya mfuko yenye maziwa ya unga. Dirishani tuliona vilima vya chai. Nyuma ya hoteli ng'ombe alikuwa analia. Nikauliza maziwa yake yanakwenda wapi.

"Hayo ya kienyeji, bosi," alijibu mhudumu. "Wageni huwa hatuwapi."

"Parachichi?"

"Yanasafirishwa."

"Najua yanasafirishwa, mimi ndiye nayasafirisha! Nauliza kama mnalo moja, la kukata, la kula."

Hawakuwa nalo. Niliuliza ulanzi, maana ulikuwa msimu wa mvua na mianzi ilikuwa inagemwa kila upande, nikasema autafute ule mtamu, usiochacha. Mhudumu akainama kama anayenisitiri. "Ulanzi ni wa kilabuni, bosi. Mgeni wako atatuonaje?" Akaleta soda, na wali.

Nimesoma miaka mingi, na bado sijapata mtu wa kunieleza ni nani alitufundisha kwamba kinachoota kwetu si cha kumwekea mtu mezani. Tunalima viazi vinavyolisha nusu ya nchi, tunavificha mgeni akibisha hodi. Nilimwambia hivyo mchumba wangu, kwa sauti, meza za jirani zikasikia.

"Kula, unapoa," alinijibu.

Likabaki tumaini moja: nyumbani, Mdandu. Nilimpigia simu mama mapema nikamsihi: viazi, njegere, maziwa mgando, basi. Akasema, "Nimesikia." Tulipofika alitupokea kwa salamu ya kwetu, "Kamwene," akamkalisha mchumba wangu kwenye kochi lenye kitambaa cha kufuma, akaomba baraka ndefu, kisha akafunua hotipoti.

Wali.

"Mama! Si nilikuomba?"

"Uliomba. Sasa wewe unataka kwao waseme mama mkwe kampa viazi?"

"Wewe mwenyewe umekula nini leo?"

"Viazi. Mimi ni mgeni?"

Nikaanza hotuba yangu ya hotelini, na hapo kwa mama ilitoka kali zaidi. Mama aliendelea kupakua. Mchumba wangu alinikanyaga mguu chini ya meza.

"Mama," alisema, "kwani mimi viazi nitakula lini?"

"Siku utakayoacha kuwa mgeni, mwanangu. Chakula cha jikoni kinaliwa na wenye jiko."

"Na nikitaka kuacha leo?"

Mama alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu tufike. "Leo umevaa soksi jozi mbili na bado unatetemeka."

"Nitazoea. Kwetu joto nalo linachosha. Barua ya uhamisho nitaandika nikirudi."

Mimi ndiye niliyepaswa kufurahi. Badala yake nilijikuta nauliza, "Umeamua saa ngapi? Hujaonja kitu hata kimoja nilichokuwa nataka uonje!"

"Nimeonja wali kila mahali," alisema. "Kila mtu alikuwa anahangaika mimi nile vizuri. Wewe ulikuwa unagomba."

Nilitaka kumwambia kwamba hiyo si hoja, kwamba watu wanaweza kuhangaika kwa upendo na bado wakawa wamekosea, na mpaka leo naamini hivyo. Lakini alikuwa ameshainuka na sahani yake, anamfuata mama kwenye jiko la nje lenye moshi. Niliposogea mlangoni nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anapuliza kiazi kilichomuunguza vidole. Mama hakumkaribisha tena. Alimsukumia kisu na ndoo ya viazi vibichi.

"Menya hivi, vya jioni," alimwambia, kisha akaniona. "Na wewe unayependa kusema, kachote maji."