Masikio ya Askari

Jamani, mimi mwenyewe ndiye niliyemuumiza Askari, mbwa wa mume wangu, na kisa ni mapenzi.

Tangu niolewe hapa Nkende, miezi miwili ya raha tupu, Askari ndiye ananiambia mume wangu anarudi. Anaisikia pikipiki ikiwa bado mbali, anakimbilia getini, nami nakimbilia kioo. (Msinicheke.)

Basi nikawa namwogesha kila siku, namwagia maji ya sabuni mpaka ndani ya masikio.

Akitikisa kichwa, nasema anacheza.

Wiki hii masikio yakaanza kunuka. Leo asubuhi daktari wa mifugo kaja, kainua sikio moja, usaha mtupu!

"Shemeji, ulikuwa unamwogesha au unambatiza?"

Mume wangu akacheka. Na mimi nikacheka.

Kisha daktari akapiga makofi nyuma ya Askari. Hakugeuka.



Kumbe maji yalibaki ndani yakaleta ugonjwa. Sikio hufutwa taratibu kwa pamba, pale nje tu, na mbwa akioga linakaushwa. Katuachia dawa ya matone. Kwamba atasikia tena, hakuahidi.

Mume wangu hajanigombeza hata neno moja. Afadhali angenigombeza.

Mliowahi kufuga, kuna mbwa aliyerudiwa na masikio? Niambieni ukweli.

Maana jioni hii pikipiki nimeisikia mimi. Askari alikuwa amelala mlangoni, hana habari.

Nikamgusa mgongoni, nikamwonyesha geti.