Mkungu Uliofungwa Mkanda

Kila gari langu linaponuka ndizi mbivu, hucheka peke yangu huku nikivuta mkanda.

Siku hiyo tulikuwa tukienda Nyaramba kumposea mjomba mke. Nyanya aliuketisha mkungu wa ndizi kiti cha mbele, akaufunga mkanda kama mgonjwa.

"Wakwe hawapelekewi ndizi zilizochubuka," alisema.

Mjomba, aliyekuwa kwenye usukani, akamsihi ajifunge na yeye.

"Kwani mimi nitaliwa?"

Akaketi nasi nyuma, shingo ameinyoosha mbele kuulinda mzigo wake.

Kwenye mteremko, pikapu iliyobeba majani chai ikafunga breki ghafla, nasi tukaigonga kwa nyuma. Mimi nilikuwa nimebanwa kati ya mama na shangazi, sikupata hata nafasi ya kuumia. Nyanya alijigonga kwenye kiti cha mbele, paji la uso likafura likawa kama ovakado. Tukapiga mayowe. Yeye hakutujali. Alinyoosha mkono, akaupapasa mkungu chane kwa chane, kisha akamgeukia mjomba.

"Huu mkanda wako ni mzuri kweli. Hakuna hata moja iliyoumia."