Taa ya vifaranga kwa uso wa dada yangu

Wakuu, heshima zenu. Hii kitu imenigharimu elfu kumi na nne, nimehesabu mara mbili, na hiyo ndiyo sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni dada yangu Wanja, ambaye siku hizi hatoki nje ya boma. Siongezi chumvi.

Wanja anasomea ualimu. Chunusi zilimuanza Form Two na hazikuwahi kuisha. TP yake, yale mazoezi ya kufundisha, ni shule moja huko Kanja, term ikifunguliwa. Watoto wa shule mnawajua. Akaniomba nimtafutie ile light therapy, ya kutibu uso kwa mwanga.

Mimi nauza viatu vya mtumba hapa Meru. Nikaingia clinic moja karibu na Kinoru, msichana wa pale akanionyesha mashine inawaka nyekundu. Elfu mbili kwa session, na zinatakiwa sita.

"Nifanyie zote sita na elfu tano."

"Boss, uso si nyanya za soko, hauna bei ya jioni."

Nikatoka polepole, nikingoja kuitwa. Hiyo ndiyo mbinu.

Hakuniita.

Jioni nikampigia Mama, anafuga kuku Kianjokoma. Nikamwambia nikicheka, "Hiyo taa ni kama yako ya vifaranga tu. Ati elfu kumi na mbili!"

Mama hakucheka. Kwetu hakuna kitu cha bure hutupwa, hata wazo.

Kesho yake alitoa vifaranga kwa brooder, lile box lao la joto, akamkalisha Wanja chini ya ile bulb nyekundu. Karibu kabisa, ndio ishike. Na Wanja alikuwa amejipaka cream kali ya chunusi. Alivumilia, akidhani kuchoma ndiko kufanya kazi.

Siku ya tatu mashavu yakatoka malengelenge.

Daktari wa ngozi huko Embu, ambako zile elfu kumi na nne ziliishia, hakutugombeza, na heri angetugombeza. Alieleza tu: taa ya clinic ni mwanga, inapimwa, macho yanafunikwa. Ya vifaranga kazi yake ni kupasha joto. Vidonda vimepona lakini vimeacha mabaka meusi, na hayo yanataka miezi.

Mama aliificha ile bulb store. Vifaranga sasa wanaota moto wa jiko la makaa. Zile nyimbo za kanisa alikuwa anaimba akilisha kuku, hatuzisikii.

Nilienda nyumbani nikamwambia Wanja nitalipa session zote sita, bila kuomba kupunguziwa. Akavuta leso juu ya mashavu.

"Njeru, hata vifaranga huwekewa thermometer."

Wakuu, nimejibu wateja wa kila aina, lakini hapo niliinuka nikatoka nje.

Nimejifunza hivi: kitu hukijui, usikifananishe na kitu kiko nyumbani, hasa ukiongea na mtu anayekuamini.

Sasa Wanja anasema ataahirisha TP mwaka mzima. Kama kuna mtu hapa wa ngozi nyeusi aliungua uso na akarudi mbele ya watu, tafadhali aandike. Dawa daktari ametupa. Naomba utuambie siku ya kwanza ulitokaje kwa mlango. Nitamsomea.