Kopo la Sukari na Konzi ya Mama

Harufu ya vanila ikichanganyika na moshi wa mkaa siipendi hadi leo. Kwa wengine hiyo ni harufu ya sikukuu. Kwangu mimi ni harufu ya uongo, tena uongo wangu mwenyewe.

Nilikuwa darasa la nne, tunakaa Nyakato. Mdogo wangu alikuwa abatizwe kesho yake, na mama alikuwa amewaahidi akina mama wa jumuiya keki, ya kwanza maishani mwake. Walishaanza kumcheka: "Mtu wa kijijini Bujora na keki, wapi na wapi!" Mwalimu wangu aliniandikia vipimo kwenye karatasi: unga kilo moja, sukari nusu kilo, siagi nusu kilo. Mama hakujua kusoma, kwa hiyo siku hiyo mkubwa wa jikoni nilikuwa mimi. Akanituma kwa jirani yetu, Mama Neema, nikaazime mizani.

Sasa, Mama Neema alifuga bata mzinga. Jamani, yule ndege! Alinifukuza mpaka barabarani hata hodi sijapiga. Nikarudi nahema.

"Hayupo," nikamwambia mama.

Akashika kichwa. Hapo ndipo akili ya darasani iliponiponza. Kilo ya sukari ya dukani ilijaza kopo letu la bati mpaka ukingoni. Basi, nikamweleza kwa sauti ya mwalimu, kopo moja la unga nalo ni kilo. Sikujua kwamba unga ni mwepesi, kwamba kopo lile lile likijaa unga halifiki hata robo tatu ya kilo.

Tukachanganya. Mlango tulikuwa tumeufunga kwa ajili ya vumbi, joto limetubana, na nyuma ya ukuta Mama Neema anafua. Kila alipokohoa, mimi naanza kuimba pambio ili mama asimsikie.

Mama akachovya kidole. "Mbona uji huu? Mkono wangu unakataa." Akachota konzi ya unga.

Nikikubali aongeze, nimekiri kuwa kopo si mizani, na kwa bata mzinga nitarudishwa. "Mama, kilo ni kilo," nikasema.

Akaitazama konzi yake, akanitazama mimi, akaurudisha unga kwenye mfuko. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Keki ilitoka na shimo katikati, akina mama wakaila kwa vijiko. Walicheka, na mama akacheka nao. "Mkono wangu wa kijijini umekosea," akasema. Nilitaka kusema ukweli, nikajijaza keki mdomoni.

Tangu hapo, hata maandazi aliyoyapika tangu usichana wake hakuyakanda bila kuniita. "Njoo unipimie." Nami nikapima miaka yote, nimenaswa, kila kipimo kikizidi kuukaza ule uongo. Niliponunua mizani yangu na kupima kopo la unga ndipo nilipoelewa kwamba mkono wa mama ulikuwa sahihi, na kwamba keki haikuwa hasara kubwa ya siku ile.

Mwezi uliopita alikuja kwangu. Nikaifungia mizani kabatini, nikamsimulia yote, bata mzinga na kopo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Mkono wako haukukosea, mama. Leo pima mwenyewe."

Akachota unga, akauinua juu ya bakuli, akasita.

"Unatosha?" akaniuliza.